Siri ya mrija mwembamba wa friji

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumzie friji. Hapa Nkubu stima ikipotea na kurudi ghafla, utasikia friji ikinguruma, halafu "tak!", kimya. Wengi husema mashine imekufa. Mara nyingi haijafa. Kisa chake kilianza zamani, kwenye mrija wa shaba mwembamba kama ule wa wino wa biro.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kompresa husukuma gesi yenye joto na presha kubwa hadi kwenye mabomba ya nyuma, ambako inapoa na kuwa majimaji. Majimaji yakipita mahali pembamba presha inashuka, yanachemka yakiwa baridi, na kunyonya joto la maziwa yako. Swali ni: yapite kiasi gani? Yakiwa machache friji haipoi vizuri. Yakizidi, yanarudi kwenye kompresa bila kuchemka na kuiumiza. Kwa vyovyote vile, stima inapotea bure.

Friji za mwanzo zilijibu swali hilo kwa vali. "Monitor Top" ya General Electric, iliyotoka Marekani mwaka 1927, ilikuwa na vali ya kuelea, kama boya la tangi la choo. Gesi yake ilikuwa ya sumu. Miaka ya 1930 ikaja Freon, na taratibu mrija mwembamba ukachukua nafasi ya vali: rahisi, hauna kitu kinachozunguka wala kuchakaa.

Sisi waandishi wa programu tungesema hii ni namba iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya programu. Urefu na tundu vikishaamuliwa kiwandani, basi. Faida yake ni kwamba kompresa ikizimika, presha ya pande mbili husawazika kupitia mrija, hivyo mota ndogo ya bei nafuu inaweza kuwaka tena. Lakini inahitaji dakika chache. Stima ikirudi mapema, mota inashindwa na swichi ya usalama inakata. Ndiyo ile "tak!". Chomoa, ngoja dakika 5, kisha washa.

Shida ya namba ya kudumu huonekana mambo yakibadilika. Mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ulianza safari ya kuondoa Freon ili kuokoa tabaka la ozoni. Aliyesukuma mazungumzo hayo ni Mmisri Mostafa Tolba, mkuu wa UNEP wakati huo, yenye makao Nairobi. Ikaja R134a, na mwaka 2016 majirani zetu wa Kigali wakapokea makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hiyo pia, kwa kuwa huongeza joto duniani. Friji nyingi mpya sasa hutumia R600a.

Kila gesi ina mrija wake na uzito wake. R600a hujazwa chini ya nusu ya uzito wa R134a, tena inawaka moto. Kwa hiyo fundi anayejaza kwa kukisia anaharibu hesabu yote, na bili utailipa wewe. Soma kibandiko cha friji: jina la gesi na gramu zake vimeandikwa pale. Kisha muulize fundi swali moja tu: mizani yako iko wapi?