Ile Fremu ya Njano

Kama umewahi kupita kwa wale wauzaji wa vitabu vya mtumba Nairobi, lazima umeiona. Hata kabla usome jina, unajua: fremu ya njano, National Geographic. Yangu ya kwanza nilinunua soo moja, nikakata kurasa nikabandika ukutani. Leo nataka tuliangalie hilo jalada vizuri.

Gazeti lilianza 1888, Washington, Marekani. Jalada lilikuwa la kahawia, maandishi matupu. Ilikuwa kitu ya wataalamu. Fremu ya njano ilikuja 1910, ikiwa imepambwa na majani ya mwaloni. Picha kwa jalada hazikuwa kawaida mpaka 1959. Pole pole majani yakapunguzwa, ikabaki njano tupu, kama dirisha la kuangalia dunia.

Sasa, dirishani kuna anayeangalia na anayeangaliwa. Mwaka 1915 mhariri Gilbert H. Grosvenor alitangaza kanuni za gazeti. Moja ilisema nchi na watu waandikwe kwa wema tu, mambo mabaya yaachwe. Inasikika poa, si ndio? Lakini manze, hizo zilikuwa enzi za ukoloni. Ukiondoa kila kibaya kwa hadithi ya Mwafrika wa wakati huo, umeondoa kodi ya kibanda na mashamba yaliyonyang'anywa. Kinabaki nini? Ngoma, shanga na tabasamu.

Halafu kuna jalada la Juni 1985, yule msichana Mwafghani mwenye macho ya kijani. Steve McCurry alimpiga picha kwa kambi ya wakimbizi Pakistan. Uso wake ulizunguka dunia nzima, na jina lake hakuna aliyelijua. Walimpata 2002, miaka 17 baadaye. Anaitwa Sharbat Gula. Hiyo picha yake mwenyewe hakuwa ameiona hata siku moja.

Mwaka 2018 gazeti lilimwita mwanahistoria John Edwin Mason apekue kurasa zake za zamani, kisha mhariri Susan Goldberg akakiri wazi: kwa miongo mingi, walivyotuonyesha ilikuwa ubaguzi wa rangi. Nawapa heshima kwa hilo. Wengi huficha.

Ningeishia hapo, lakini nitakuwa mnafiki. Mwezi jana niliposti picha ya mama mboga wa mtaani kwetu, jua la jioni limempiga usoni, nikaiwekea fremu safi. Laiki zikamiminika. Mtu mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" Sikuwa na jibu, na nimenunua sukuma kwake tangu nikiwa darasa la nne.

Jana nilirudi nikamwonyesha simu. Akaitazama kitambo, akacheka, halafu akasema, "Na hukuniambia nivue leso ya kazi?"

Picha nimeitoa. Tutapiga ingine Jumamosi, na maneno ya chini ataniambia yeye.