Nani anamlipa mwalimu? Miaka mia moja ya Septemba katika shule zetu za Kamina

Mwezi wa tisa ni mwezi wa haraka hapa Kamina. Vumbi la kiangazi halijatulia, mvua haijaanza vizuri, na tayari asubuhi barabara zimejaa watoto wenye mashati meupe na suruali au sketi za bluu. Sokoni madaftari yamepangwa chini. Shuleni wakurugenzi wanaandikisha wanafunzi, bendera inapandishwa, wimbo wa taifa unaimbwa. Ndivyo unavyoanza muhula wa kwanza, ule unaokwisha Desemba kwa mitihani na bultini.

Na kila mwaka swali ni lile lile: kama shule ya msingi ni bure, mbona mzazi bado anaombwa makuta? Familia zilizofika hapa kwa kukimbia vita zinauliza kwa uchungu zaidi, kwa sababu hazina shamba wala akiba. Swali hilo ni la zamani kuliko sisi sote. Ukirudi nyuma miaka mia moja utaona kwamba Septemba ya mtoto wa Kamina imekuwa ikitegemea jambo moja: nani anamlipa mwalimu.

Wakati wa misioni na reli

Katika nchi ya Baluba, shule za kizungu zilianza na misioni. Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifungua misioni ya Kipentekoste kule Mwanza, upande wa Malemba-Nkulu. Wamethodisti walifungua kituo Kabongo. Mapadri Wakatoliki nao walikuwa na misioni zao, na hapa Kamina walikuwa Wafransisko. Mwaka 1928 reli ya BCK ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, mji tunaouita leo Ilebo, ikamalizika. Kamina ikawa mji wa reli, na mwaka 1956 ikaunganishwa pia na Kabalo. Mahali palipokuwa na reli palikuja wafanyakazi, na wafanyakazi walikuja na watoto.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 serikali ya Wabelgiji ilianza kusaidia shule za misioni kwa fedha. Lakini msaada huo uliwaendea Wakatoliki, kwa sababu misioni zao ndizo zilizohesabiwa kuwa za kitaifa. Waprotestanti walingoja hadi mwaka 1948. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, watoto wawili wa ukoo mmoja wangeweza kusoma tofauti kabisa. Mmoja alifundishwa na mwalimu aliyesaidiwa na serikali. Mwingine alifundishwa na mwalimu aliyeishi kwa sadaka za waumini na kwa jembe lake mwenyewe. Shule za serikali zisizo za kanisa zilikuja kwa nguvu tu baada ya 1954, chini ya waziri Auguste Buisseret, na zilikuwa chache, zaidi katika miji mikubwa.

Watoto wengi waliingia kalasi ya kwanza, lakini wachache walifika mbali. Mwaka 1960, siku ya uhuru, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache sana, hata hamsini hawakufika. Wasichana waliachwa nyuma kuliko wote.

Septemba bila shule

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini ya Katanga, ambako Baluba wengi walifuata chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, ilikataa. Vijiji vilichomwa, watu walikimbilia porini, na kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina ikawa mikononi mwa askari wa Umoja wa Mataifa. Septemba ya 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikuwa wamelundikana katika kambi ya wakimbizi kule Elisabethville, ambako ni Lubumbashi ya leo. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulianza kuwarudisha makwao.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja. Leo, mtoto mgeni akifika shuleni bila viatu na bila bultini, wako wanaosema kwamba wageni wamejaza kalasi. Wengi wetu ni wajukuu wa watu waliofika mahali bila viatu na bila bultini.

Serikali yachukua shule, kisha yazirudisha

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule zote za makanisa zikawa za serikali. Dini ikatolewa katika ratiba ya masomo, misalaba ikashushwa ukutani. Lakini serikali ilishindwa kuziongoza. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu: makanisa yaongoze shule, serikali iwalipe walimu na kuweka sheria.

Naomba kila mzazi ashike vizuri jambo hili, kwa sababu hadi leo linachanganya watu. Shule ya msingi yenye jina la mtakatifu au kibao cha kanisa, ikiwa iko chini ya mapatano hayo, ni shule ya serikali. Mwalimu wake anatakiwa kulipwa na serikali. Shule ya mtu binafsi ni jambo lingine, na huko mzazi analipa.

Mzazi anapogeuka kuwa serikali

Katika miaka ya 1980 deni la Zaïre lilikuwa kubwa, na wakopeshaji walidai nchi ipunguze matumizi. Walimu kwa maelfu waliondolewa katika orodha ya mishahara. Waliobaki walilipwa fedha zilizokwisha kabla ya kufika sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na uporaji wa 1991 na bei zilizopanda kila wiki, mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui hata mfuko wa unga. Walimu waligoma. Ili shule zisife, maaskofu Wakatoliki na chama cha wazazi walikubaliana kwamba wazazi wamwongezee mwalimu kitu. Hiyo ndiyo ikaitwa primu. Ilikuwa dawa ya muda mfupi, lakini ilidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Wengi wa umri wangu tunaijua primu kwa miguu yetu. Mkurugenzi aliingia kalasi na orodha, akasoma majina, na walioitwa wakakusanya madaftari na kurudi nyumbani. Wazazi wengine walilipa kwa mahindi au kuku. Nyumba yenye watoto watano ilichagua nani asome mwaka huu, na mara nyingi msichana ndiye aliyeambiwa angoje.

Vita viliongeza mzigo. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Maelfu walilala vituoni wakingoja gari-moshi, na magari-moshi hayo yalipita hapa Kamina yakielekea Mwene-Ditu. Kati ya 1998 na 2003, Kabalo na Manono zilipokuwa mikononi mwa waasi, watu wa kule walifika Kamina kwa miguu na kwa baiskeli. Mtoto wa mkimbizi alikutana na primu mlangoni pa shule, na wengi waliishia hapo mlangoni.

Bure ya mwaka 2019

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilirudia jambo hilo. Lakini maneno yalibaki katika karatasi hadi Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru yatekelezwe nchini kote. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali msaada wa dola milioni 800 kwa ajili ya kazi hiyo.

Watoto walirudi kwa wingi. Kalasi moja iliyokuwa na watoto hamsini ikawa na mia na zaidi, wengine wakikaa chini. Wasichana waliokuwa wakingoja nyumbani waliandikishwa wakiwa wakubwa kuliko wenzao. Kisha ikaja korona: shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Oktoba, zikafungwa tena Desemba, zikafunguliwa Februari 2021. Oktoba 2021 walimu waligoma, hasa wa shule za Kikatoliki, na Novemba serikali ilikubaliana na vyama vyao kule Bibwa, Kinshasa. Septemba 2024, katika majimbo mengi, muhula ulianza tena kwa mgomo.

Chanzo ni kile kile cha zamani. Serikali iliondoa primu kwa siku moja, lakini orodha ya mishahara haikuandaliwa kwa siku moja. Wako walimu wanaofundisha kila siku na majina yao hayamo katika orodha. Ni wale tunaowaita NU na NP. Mwalimu wa namna hiyo ana watoto kama wewe. Hapo ndipo makuta yanapoingia kwa mlango wa nyuma: yataitwa ya mtihani, ya chaki, ya ulinzi, ya matengenezo. Kumdai mzazi ni kuvunja sheria. Na mwalimu kufundisha miaka mitatu bila mshahara ni dhuluma pia. Tukimshambulia mwalimu peke yake, tunamwacha anayepaswa kumlipa akilala usingizi.

Kwa familia zilizofika karibuni

Mama, baba, mtoto wako ana haki ya kusoma hapa kama mtoto wa mzaliwa wa Kamina. Kama una bultini ya zamani, hata iliyochanika, ipeleke. Kama iliungua au ilipotea njiani, nenda bado. Mwambie mkurugenzi mtoto alifika kalasi gani, na uombe apimwe kwa kusoma na kuhesabu. Usingoje Januari, kwa sababu muhula wa kwanza una alama zake na ukikosekana zinapungua.

Mkiombwa fedha katika shule ya msingi ya serikali, ulizeni kwa heshima ni za nini na nani alizikubali, na muombe risiti. Msiende mmoja mmoja. Pitieni kwa kamati ya wazazi, na kama haiko, ombeni iundwe. Kamati hiyo hiyo iulize pia ni walimu wangapi wa shule hiyo hawako katika orodha, na ipeleke hesabu hiyo kwa wakaguzi na kwa ofisi ya masomo ya jimbo.

Mvua ya Oktoba ikianza, kazi ya shamba itaita. Mahindi yanataka mikono, na watoto wengi wataondolewa kalasi kwa wiki mbili au tatu. Tunawaomba wazazi wawapeleke shambani mchana, baada ya masomo. Desemba tutarudi na habari za mitihani. Tutauliza tena, shule kwa shule, ni walimu wangapi wamelipwa.