"HAFAI" YA BARAZANI NA "HAFAI" YA KATIBA (uzi)

Kila uchaguzi, iwe barazani Msambweni au steji ya matatu Ukunda, swali ni moja: "Huyu ana kesi ya pesa za umma, hafai. Mbona jina lake liko kwenye karatasi ya kura?"

Swali la haki kabisa. Twende polepole.

Hapa Pwani wazee wana kipimo chao, na kinatoka kwenye fiqhi. Shahidi mbele ya kadhi alitakiwa awe mwadilifu. Akijulikana ni fasiki, ushahidi wake haupokelewi, hata kama hajawahi kulala jela. Mwenendo ulitosha. (Na hilo neno "maadili" ni la ukoo huo huo.)

Katiba ya 2010 inayo Sura ya Sita, uongozi na maadili. Kifungu cha 99 kinamkosesha sifa ya ubunge aliyetumia vibaya ofisi ya umma. Lakini soma mpaka kipengele cha 3, wengi hawafiki hapo: hakosi sifa mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziishe. Kwa MCA ni Kifungu cha 193, maneno ni yale yale. Kwa hivyo kushtakiwa si kitu, na hata hukumu ya kwanza haijamfunga mlango.

Mbona wamlinde hivyo? Mimi huwa nakumbuka 2003. Kamati moja ilitaja majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa, 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82. Majina yakatoka magazetini, wakapewa wiki 2: jiuzulu au uende mbele ya jopo. Wengi wakaondoka kimya. Kuna jaji aliyebaki akapigana, jopo likamsafisha, akarudi kazini. Jina lilikuwa limeshachafuka.

Lakini sasa hapa ndipo mimi nakwama. Sheria ya 2011 ikaunda bodi ya kuwapiga msasa majaji upya, na Aprili 2012 ikasema 4 wa Mahakama ya Rufaa hawafai. Bila kesi ya jinai. Na 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba uamuzi wa bodi hiyo haupingwi kortini.

Jaji alipimwa kwa mwenendo, kama shahidi wa kadhi. Mgombea anapimwa kwa rufaa ya mwisho. Na rufaa, ndugu zangu, inaweza kuchukua miaka, ilhali muhula wa bunge ni miaka 5 tu.