Waya ulioishia ng'ambo: Liuli 1914 na kompyuta yako ya mezani

Wadau, leo naunganisha mambo mawili ambayo kwa haraka haraka hayana undugu: meli ya Mjerumani iliyoshambuliwa Liuli, na ile kompyuta ya mezani yenye tundu la waya tu, iliyokaa kwenye nyumba yenye Wi-Fi bila kupata intaneti. Twende taratibu.

Enzi za Mjerumani, Liuli iliitwa Sphinxhaven. Agosti 1914, meli yao ya Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tarehe 13 ikatokea Guendolen, meli ya Waingereza wa Nyasaland (Malawi ya leo), chini ya Kamanda Rhoades, ikaanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye kimashua, akamfuata kwa hasira kumuuliza kama amelewa. Hapo ndipo alipojua kwamba Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Akachukuliwa mateka. Siku tisa nzima vita inapiganwa, na yeye hana habari!

Kwa nini mmoja alijua na mwenzake hakujua? Kampuni ya telegrafu ya Cecil Rhodes, iliyoota kuunganisha Cape na Cairo, ilifikisha waya Blantyre mwaka 1895. Kisha waya ukapanda na mwambao wa magharibi wa ziwa hadi Karonga, na baadaye ukafika Ujiji. Mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin kumwomba Kaiser Wilhelm II ruhusa ya kuupitisha kwenye ardhi yetu. Wenye ardhi, bila shaka, hawakuulizwa. Huku mashariki, nyuma kuna milima ya Umatengo na mbele kuna maji, kwa hiyo habari ilitegemea miguu ya watu na mitumbwi.

Si kwamba Wajerumani hawakuijua redio. Walikuwa na vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, na kile cha Dar kilishambuliwa na manowari ya Kiingereza, Astraea, tarehe 8 Agosti. Lakini mawimbi yanaweza kukupita kichwani mchana kutwa. Kama huna chombo cha kuyapokea, kwako ni upepo tu.

Sasa turudi kwenye kompyuta yako. Nayo iko Sphinxhaven! Hewa ya chumbani imejaa mtandao, simu zote zinaupata, yenyewe imekaa kimya kwa sababu inaelewa waya peke yake.

Cha kuchekesha ni kwamba lile tundu la waya ni mtoto wa redio. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, mtandao uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, akiwa kampuni ya Xerox huko California, alichukua wazo lao (tuma ujumbe, ukigongana na wa mwenzako subiri kidogo utume tena), akaliboresha na kuliingiza kwenye waya. Akauita mtandao wake Ethernet. Viwango vya kwanza vya teknolojia tunayoiita Wi-Fi vilitoka mwaka 1997, mazungumzo yakarudi hewani. Waya na hewa ni ndugu, kinachokosekana ni mkalimani wa kuwakutanisha.

Na mkalimani huyo si ghali. Njia ya kwanza ni simu ya Android: iunge na Wi-Fi, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa sehemu ya kugawa mtandao kwa USB. Ya pili ni kipokezi kidogo cha USB. Hakikisha programu yake inakubaliana na kompyuta yako, na uipakue mapema kwa simu, maana utaipakuaje na kompyuta ambayo bado haina mtandao? Ya tatu ni kadi inayofungwa ndani ya kompyuta. Antena zake usizifiche nyuma ya bati chini ya meza. Ya nne ni ruta ndogo yenye uwezo wa kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa waya. Hii ndiyo rafiki wa kompyuta kuukuu, kwa sababu upande wa kompyuta haihitaji programu yoyote.

Kwa nini nimezunguka mbali hivi? Kwa sababu mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulipoanza, tulishangilia kana kwamba safari imekwisha. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, na makao makuu yake ni Mbamba Bay. Kila tukisikia kwamba waya umefika mkoani, au wilayani, tuulize pia: umefika mpaka mezani kwa nani? Shule ikiwa na kompyuta kumi na mtandao unaishia ofisi ya mkuu wa shule, wanafunzi wale wana hali moja na Berndt. Habari ipo, tena iko karibu, lakini wao watakuwa wa mwisho kuambiwa. Tofauti ni kwamba umbali uliobaki kwao ni wa hatua chache tu, na wa kuumaliza ni sisi, si Kaiser.