Unataka Kupamba Biskuti Hapa Skuta? Anza na Feni, Si Nozo 50

Wacha niseme hii mapema ndio usitupe doo: kama unaishi Skuta, Ruring'u, King'ong'o ama mtaa wowote wa Nyeri, kifaa cha maana cha kupamba biskuti si ile seti ya nozo 50 unaona kwa TikTok. Ni feni. Eeh, feni. Najua hakuna msee wa Nyeri hununua feni. Sisi hununua blanketi.

Mimi nilijua hivyo kwa njia ngumu. Julai ya mwaka jana nilichukua oda ya biskuti 40 za ruracio. Nikazipamba usiku, zikatoka safi, asubuhi nikazifunga kwa plastiki. Kufika kwa mteja, zimeshikana zote, na rangi nyekundu imeingia kwa nyeupe. Nilirudisha ganji yote, nikabaki nikizila na chai wiki mzima. Mkono haukuwa na shida. Shida ilikuwa baridi.

Iko hivi. Aisingi ya biskuti, ile hukauka ikawa ngumu, ni sukari, ute wa yai na maji. Inakauka maji ikitoka. Sasa Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ni mawingu, ukungu na manyunyu. Hewa ya aina hiyo inabeba maji polepole sana. Biskuti ya kukauka kwa masaa 8 ama 12 inaweza kukula 24. Feni inasukuma ile hewa imeshiba maji na kuleta ingine, na aisingi inakauka ikingara.

Hizi hapa ndizo vitu zingine unahitaji:

1. Mizani ndogo ya jikoni. Kikombe kinadanganya, gramu hazidanganyi. Kwa pakiti ya gramu 500 ya sukari ya aisingi, weka vijiko vikubwa 3 vya poda ya ute wa yai na vijiko vikubwa 5 ama 6 vya maji.

2. Poda ya ute wa yai. Yai mbichi pia inafanya, lakini inaweza kuwa na salmonela, na hizi biskuti watoto ndio huzimaliza. Poda ni salama zaidi. Itafute kwa maduka ya vifaa vya keki.

3. Bakuli ya chuma ama glasi. Plastiki hushika mafuta, na mafuta kidogo tu inaua povu ya ute. Pangusa bakuli na limau kwanza.

4. Kichungi laini. Donge moja la sukari linaziba nozo katikati ya jina la mtu, na hapo umeharibu.

5. Mti wa chapo na penseli mbili. Weka penseli moja kila upande wa unga uliokandwa, halafu sukuma mti ukipita juu yazo. Penseli ya shule ina karibu milimita 7, kwa hivyo biskuti zote zinatoka unene mmoja na hakuna yenye inaungua pembeni.

6. Rangi ya jeli. Ile ya maji kwa kachupa inafanya aisingi iwe majimaji, na hapa kwetu hiyo ni kuongeza masaa ya kukauka. Jeli unachovya tu na kijiti cha meno. Rangi huiva ikikaa, kwa hivyo changanya nyekundu na nyeusi mapema, usizidi kuongeza.

7. Paipingi begi na nozo mbili za duara, namba 2 na namba 3. Hizo mbili zinachora mistari, majina na kujaza ndani. Hauna begi? Chukua mfuko mzito wa friza, kata kona kidogo sana.

8. Vijiti vya meno. Ni vya kusukuma aisingi hadi kona na kupasua mapovu.

9. Mkebe wa kufunika vizuri, na karatasi ya kuokea kati ya kila safu.

Jua pia uzito wa aisingi. Pitisha kisu juu yake halafu hesabu. Mstari ukipotea kwa sekunde 10 hadi 15, hiyo ni ya kujaza ndani. Ukikaa zaidi ya 20, hiyo ni ya kuchora mpaka. Anza na mpaka, jaza, acha nyeupe ikauke kabisa ndio uweke rangi kali juu.

Ukiwa na doo kidogo, nunua kwa mpango huu: mizani, rangi ya jeli, begi na hizo nozo mbili, halafu feni ndogo ya mezani. Vikata vya nyota na maua vinaweza kungoja. Mdomo wa glasi unakata duara poa sana, na duara ndio rahisi kupamba ukiwa bado unajifunza.

Mahali pa kukaushia pia ni kazi. Kama keja yako ni chumba kimoja, usipambe siku ya githeri. Sufuria ikichemka masaa matatu, mvuke wote unarudi kwa biskuti. Friji pia hapana, juu ukizitoa zinatoa jasho na rangi inakimbia.

Na hii usicheze nayo: usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba imefungwa ndio zikauke haraka. Ile hewa ya makaa haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Hakuna oda ya ruracio inafika hapo.

Oda ikikuja msimu wa baridi, mwambie mteja unahitaji siku mbili kamili. Kabla ya kufunga, bonyeza aisingi katikati na kidole polepole. Ikibonyea, rudisha kwa feni.