Majina Matatu Kabla ya Kisu

Usukumani pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto. Kwa hiyo sisi wauguzi wa chumba cha upasuaji huku Shinyanga hatukuliamini jina moja. Wodi moja iliweza kulaza akina Kulwa wawili: mzee mwenye ngiri, na kijana kutoka Geita aliyeangukiwa na kifusi kwenye duara la dhahabu akavunjika mguu. Tulikata plasta, tukaandika majina matatu, kijiji na namba ya faili, tukambandika mgonjwa mkononi. Desturi hiyo tulirithishwa na dada zetu waliotutangulia kazini. Haikuandikwa popote, hivyo muuguzi mzoefu akistaafu, nayo ilikuwa hatarini.

Novemba 2007 nchi nzima ilishtuka. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa. Aliyefuata matibabu ya goti alipasuliwa kichwa. Mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti, na baadaye akafariki. Watu walitaka wahusika waadhibiwe, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini adhabu peke yake haimwelekezi anayebaki kazini akague nini kesho.

Wakati huohuo Ifakara kulikuwa na kazi kubwa. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye mambo 19. Husomwa kwa sauti kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa: jina lake, anapasuliwa nini na wapi, gozi na sindano zimetimia? Kwa hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mwaka 2018 mradi wa Safe Surgery 2020 ukaipigia debe orodha hiyo huku Kanda ya Ziwa.

Thamani ya orodha hiyo naiona hapa: muuguzi mdogo anapata haki ya kumsimamisha daktari bingwa. Na kosa likitokea, ndugu waambiwe ukweli mapema, kwa Kisukuma ikibidi.

Nawe unayempeleka mwanao kupasuliwa, taja majina yake yote matatu, onyesha panapouma, na usione haya kurudia.