Ndoa ya karatasi ughaibuni yaweza kumnyima mjane urithi

Miongoni mwa Wakenya wanaoishi Marekani na Uingereza, "ndoa ya karatasi" ni msamiati wa kila siku. Mtu ambaye muda wa viza yake unakaribia kumalizika hufunga ndoa na raia wa nchi ile mbele ya msajili, aghalabu kwa malipo yanayotolewa kwa awamu, kisha kila mmoja akashika njia yake. Hatari inayozungumzwa sana ni ile ya kunaswa na kufurushwa nchini. Isiyozungumzwa ni kwamba cheti kile huendelea kuwa na nguvu hata baada ya mwenyewe kuiaga dunia, na siku ya kugawa mali ndicho hutangulia kusomwa.

Kesi inayofunza zaidi kuhusu jambo hili iliamuliwa Uingereza mwaka 1982, nayo haikumhusu Mwafrika yeyote. Mwanamke kutoka Ubelgiji, kwa jina Vervaeke, aliolewa jijini London mwaka 1954 na Mwingereza aliyeitwa Smith. Bwana huyo aliahidiwa pauni 50 na tikiti ya kusafiria hadi Afrika Kusini. Bibi naye alipata uraia wa Uingereza, na hivyo polisi hawangeweza tena kumrejesha kwao kwa kosa la ukahaba. Hawakuishi pamoja hata siku moja.

Mwaka 1970 mwanamke huyo alifunga ndoa nyingine nchini Italia, safari hii na Eugenio Messina, mmoja wa ndugu waliojipatia sifa mbaya London kwa kuendesha biashara hiyo hiyo ya ukahaba. Messina alifariki siku ile ile ya harusi, akiacha mali nchini Uingereza. Ili arithi akiwa mjane, ilimbidi Vervaeke athibitishe kwamba ndoa yake ya 1954 haikuwa ndoa. Alidai mahakamani kuwa hakufahamu anafungishwa ndoa, lakini jaji hakumwamini. Akaenda kwao Ubelgiji, ambako mahakama ilikubali kuwa ndoa ya kuigiza ni batili tangu mwanzo, akarudi London na hukumu hiyo mkononi. Jopo la majaji wa Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu zaidi Uingereza wakati huo, likakataa kuitambua. Watu wazima wawili wakikubali kwa hiari kuoana mbele ya msajili, majaji walishikilia, wameoana; nia waliyokuwa nayo moyoni ni yao wenyewe. Kwa kuwa alikuwa bado mke wa Smith, hangeweza kuwa mjane wa Messina.

Tofauti iliyojitokeza kati ya London na Ubelgiji ndiyo kiini cha utata wote. Ziko nchi zinazotazama nia, na ziko zinazotazama sherehe. Mkenya mwenye nyumba katika nchi moja na shamba katika nyingine anaweza kufa akiwa na mke huku, na bila mke kule.

Marekani ina njia yake. Sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo huadhibu ndoa za kuigiza vikali: kifungo kisichozidi miaka mitano, faini isiyozidi dola 250,000, na marufuku ya kudumu kwa mhusika kupewa makao kupitia ombi la ndoa nyingine, hata iwe ya kweli. Marekebisho ya mwaka 1986 yaliweka pia kipindi cha majaribio cha miaka miwili, ambacho kikikaribia kumalizika wawili hao hutakiwa kuthibitisha kuwa ndoa yao ilifungwa kwa nia ya kweli. Lakini adhabu hiyo ni ya serikali ya taifa. Ikiwa ndoa ni halali au la kwa ajili ya urithi ni suala la sheria za jimbo. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lutwak iliyohusu wakimbizi waliofungishwa ndoa jijini Paris na wanajeshi wa zamani wa Marekani, iliidhinisha hukumu ya waliopanga njama hiyo na kusema haikuwa na haja ya kuamua iwapo ndoa zenyewe zilikuwa halali. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kufungwa jela kwa sababu ya ndoa, na ndoa hiyo ikabaki imesimama.

Athari yake huonekana kwanza katika akiba ya uzeeni. Kwa mujibu wa sheria ya taifa ya Marekani, akiba ambayo mfanyakazi amewekewa kupitia mwajiri wake humwendea mume au mke aliyemwacha, hata kama marehemu alikuwa ameandika jina la mama yake au mwanawe, isipokuwa mwenzi huyo awe ametia sahihi kukubali kuikosa. Fikiria sasa muuguzi aliyefanya kazi Boston miaka ishirini huku akimtumia mamake karo ya wadogo zake kila mwezi. Akifa kabla ya kumpa talaka yule bwana wa karatasi, ambaye huenda hata hajui nambari yake mpya ya simu, bwana huyo ndiye atakayeitwa kuchukua fedha.

Nyumbani Kenya hali ilibadilika mwaka 2014. Sheria ya Ndoa iliyoanza kutumika Mei 20 mwaka huo, na kufuta zile za enzi ya ukoloni, inasema katika kifungu cha 11 kwamba ndoa ni batili iwapo mmoja wa wahusika aliingia humo kwa kujua kwa lengo la ulaghai. Sheria ya Urithi nayo, Sura ya 160, ilirekebishwa mwaka 2021 na kumfafanua mwenzi wa ndoa kuwa yule anayetambuliwa na Sheria hiyo ya Ndoa. Mtu akizisoma sheria hizo mbili pamoja, mke wa karatasi hana fungu katika mali iliyoko Kenya. Kwa nadharia basi, Vervaeke angalishinda kesi yake hapa Nairobi.

Ninasema kwa nadharia kwa sababu ulaghai hauthibitishwi kwa maneno matupu. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba anayedai ulaghai lazima aueleze waziwazi na kuuthibitisha kwa kiwango kinachopita kile cha madai ya kawaida, ingawa si kile cha kesi ya jinai. Na hapa ndipo ndoa ya karatasi humgeuka aliyeitunga. Ili kumridhisha afisa wa uhamiaji, wawili hao walipiga picha wakikumbatiana, wakafungua akaunti ya benki ya pamoja, wakaandikisha nyumba ya kupanga kwa majina yote mawili, wakala kiapo kuwa wanapendana. Faili hiyo ilitengenezwa kwa ustadi, na mara nyingine wakili alilipwa kuihakiki. Mjane wa Murang'a au Kakamega anayekuja kortini na mashahidi wa mahari atakabiliana na faili hiyo, na mtu pekee ambaye angeweza kusema kuwa yote yalikuwa maigizo amelala kaburini. Yule mwingine hana sababu ya kusema. Akisema, atakuwa amekiri kosa la jinai katika nchi yake na kupoteza mali kwa mpigo mmoja.

Swali jingine ni la nani alitangulia. Kama mume alikuwa tayari amemwoa mkewe kanisani au kimila kabla ya kusafiri, mke huyo yumo mahali pazuri, maana aliye katika ndoa hawezi kufunga nyingine ya mke mmoja juu yake. Ndoa ya kimila huhitaji ushahidi, bila shaka, na usajili wake ulioanza Agosti 2017 umerahisisha mambo kwa waliojitokeza kusajili. Tatizo kubwa ni kwa yule aliyeanza na karatasi. Kijana huenda Uingereza akiwa kapera, anaoa ili apate makao, anasahau kutafuta talaka kwa kuwa haoni haja, kisha anarudi kwa harusi ya kukata na shoka iliyohudhuriwa na ukoo mzima. Kwa macho ya sheria ya Uingereza, harusi hiyo ya pili haipo. Nyumba yake ya Reading au Leeds, akifa bila wosia, itamwendea Mwingereza wa karatasi: vyombo vyote vya nyumbani, pauni 322,000 za kwanza kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, na nusu ya kitakachobaki. Watoto hugawana nusu nyingine. Hao angalau hawapotezi haki yao kwa sababu ya makosa ya ndoa ya wazazi, si huko wala hapa Kenya.

Wapo wanaodhani kuwa wosia hutatua kila kitu. Husaidia, lakini tarehe ina maana yake. Uingereza, na pia Kenya katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Urithi, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, ila ule ulioandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo. Aliyewaachia wazazi wake kila kitu mwaka 2010 na kufunga ndoa ya karatasi London mwaka 2012 huenda aliufuta wosia wake bila kujua. Hapo tena nchi mbili zitatoa majibu mawili, kwa kuwa ndoa iliyo batili Kenya haiwezi kufuta chochote.

Mambo haya hayaendi upande mmoja tu. Wageni nao huoa na kuolewa Kenya kwa ajili ya stakabadhi. Katiba ya 2010 inampa mgeni haki ya kuomba uraia baada ya kuwa katika ndoa na Mkenya kwa angalau miaka saba, na sheria ya uraia ya mwaka 2011 inasisitiza kwamba ndoa isiwe ilifungwa kwa lengo hilo na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Mgeni akifiwa kabla ya kuwa raia, hata kama ndoa yake ilikuwa ya dhati, hawezi kumiliki ardhi aliyorithi kwa zaidi ya miaka 99. Familia za Pwani zenye viwanja vya ufuoni zinalifahamu jambo hili vyema kuliko wengi wetu.

Kwa Waislamu, ambao mirathi yao hufuata Sharia, hoja ya nia huwa na uzito mdogo zaidi. Nikaha iliyotimiza masharti, yaani walii, mashahidi, ijabu na kabuli, huhesabiwa na wanazuoni wengi kuwa nikaha. Mke hurithi thumni palipo na watoto na robo pasipo na watoto, na Kadhi hatauliza kwanza juu ya viza.

Anayegundua kwamba marehemu alikuwa na cheti asichokijua hapaswi kungoja. Mume au mke ndiye hupewa nafasi ya kwanza kuomba usimamizi wa mirathi, na ombi hilo likishachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, pingamizi hutakiwa kuwasilishwa katika siku 30. Zikipita, bado iko njia ya kifungu cha 76, kinachoruhusu mahakama kufuta hati ya usimamizi wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kwa kuficha jambo muhimu. Njia hiyo ni ndefu na ghali, na kufikia wakati huo shamba huwa limeuzwa. Aliye hai bado, na ambaye cheti chake cha London au Atlanta kingali sandukuni, ana njia fupi zaidi: aitafute talaka hiyo katika mahakama ya huko, na nakala ya amri yake aiweke pamoja na hati za shamba.